Modern Times baada ya miaka arobaini: niwaeleze watoto kabla au baada?

Mkazi wa Ngamiani

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu filamu ya Charlie Chaplin iitwayo Modern Times, ya mwaka 1936. Niliiona mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka tisa, kwenye ukuta wa ghala la shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, ambako marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Kipande kilichonivunja mbavu ni kile cha mashine ya kulisha wafanyakazi. Mwenye kiwanda anatafuta njia ya kuondoa mapumziko ya chakula, basi Chaplin anafungwa kwenye mashine hiyo, hindi linaanza kuzunguka mdomoni mwake polepole, kisha linazidi kasi hadi linamsugua uso, na baada ya hapo kifuta mdomo kinakuja kumpangusa kwa adabu kana kwamba hakuna lililoharibika. Sisi watoto tulicheka mpaka tukagaragara. Baba alitabasamu tu, nami nikadhani hajaelewa.

Juma lililopita nimeitazama tena. Nilicheka, tena sana, lakini katikati ya kicheko nilimwona baba akila muhogo wa kuchemsha kwa mkono mmoja huku amesimama, kwa kuwa korona haikuzimwa majani yakiwa yamelundikana. Nakusudia kuwaonyesha filamu hii watoto wa mtaani kwetu wakati wa likizo. Je, niwaeleze kwanza habari za kiwanda na za babu zao, au niwaache wacheke?

Mzee wa Muheza

Mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Nilifanya kazi kwenye korona kwa miaka kumi na minne, na nakuomba usidhani kuwa baba yako hakuona cha kuchekesha. Majani yanaingia upande huu, ngoma zenye visu butu zinayaponda na kuyakwangua, maji yanaondoa makapi, na singa zinatoka upande wa pili. Wewe unayelisha majani hungojwi hata kama pua inakuwasha. Chaplin, ambaye kazi yake kiwandani ni kukaza nati zinazopita mbele yake kwenye mkanda, anapojikuna kwapa, nati zinampita na wenzake walio mbele wanavurugikiwa. Hilo ndilo tulilolicheka sisi kambini jioni, tukiigana jinsi fulani alivyoyakimbilia majani yaliyomponyoka. Ukiwahutubia watoto kwanza, utawafundisha kuhuzunika mahali ambapo wenye kazi yao walicheka.

Tena ile mikono yake inayoendelea kukaza nati hata akiwa ameondoka mashineni, msiione kuwa ni chumvi. Mikono yangu ilitandaza majani usingizini, na mke wangu ni shahidi.

Mwalimu wa Maigizo, Bagamoyo

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu hotuba, ila kuna jambo moja ningependa watoto waelezwe, angalau baada ya filamu, nalo ni ufundi wake. Sehemu kubwa ilipigwa kwa picha 18 kwa sekunde na kuonyeshwa kwa picha 24, ndiyo maana mwendo unaonekana kuwa wa kasi zaidi kwa theluthi moja. Mtoto akilijua hilo peke yake, anaweza kudhani kuwa kichekesho chote ni hila ya kamera.

Mfano mzuri ni pale anapoteleza kwa viatu vya magurudumu, amefungwa kitambaa machoni, kando ya shimo, kwenye ukingo wa sakafu ya juu isiyo na kizuizi. Lile shimo lilichorwa kwenye kioo kilichowekwa mbele ya kamera. Nilipolijua hilo nilivunjika moyo, kwani utotoni nilikuwa nikimwombea dua asianguke. Siku hizi, kila ninapokitazama kipande hicho pamoja na wanafunzi wangu, naona kwamba kuteleza kwenyewe ni kwake, na kwamba mguu ulipaswa kuukaribia ukingo na kuuacha kwa kipimo kilekile ili mchoro na mwili visigombane. Tuna neno chale kwa mchekeshaji wa aina hii, na sijawahi kulisikia bila kumkumbuka yeye.

Mama wa Watatu, Chumbageni

Nawasihi tu msiweke sauti ya mtafsiri juu yake kama ifanywavyo katika vibanda vya video. Kwa sehemu kubwa maneno yanayosikika humo yanatoka katika mitambo: bosi anafoka kupitia skrini, na mashine ya kulisha inanadiwa na sahani ya santuri. Sauti ya Chaplin mwenyewe inasikika karibu na mwisho, katika wimbo wa maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote. Wanangu waliuimba nyumbani mwezi mzima.

Mkazi wa Ngamiani

Nimewaelewa, na nimefarijika kuhusu baba kuliko nilivyotarajia. Tutaanza na filamu bila neno lolote, na bila mtafsiri. Mzee wangu wa Muheza, ikiwa afya inaruhusu, ningeomba uje siku hiyo ili baada ya filamu uwaonyeshe watoto jinsi majani yalivyotandazwa. Nauli ni juu yangu.

Mzee wa Muheza

Nitakuja. Anza baada ya Isha, giza likishakolea vizuri, nami nitalala kwa binti yangu Barabara ya 12.