MREJESHO: Wageni kufika mwaloni kwetu Igombe

Wakuu, salaam. Mwezi wa 4 niliuliza hapa tufanye nini ili wageni wa Mwanza wanaoishia kisiwa cha Saanane na kupiga picha na Jiwe la Bismarck wafike na huku mwaloni kwetu, Igombe, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Kikundi chetu kina watu 7 na mtumbwi mmoja wa injini.

Uliyesema tuanze na choo na maboya ya kuvaa kabla ya mabango, Mungu akubariki. Choo kimekwisha, maboya 12 tumenunua kwa kuchangishana. Kina mama waliokuwa wakisita sasa wanapanda bila kubembelezwa.

Na uliyeshauri tuuze usiku wa dagaa, yaani safari ya kutazama wavuvi wakivua dagaa kwa taa, wazo lako ndilo linalotulipa. Mgeni anaona taa zimetanda ziwani utadhani ni mji mwingine, alfajiri anashuka kutazama dagaa wakianikwa kwenye vichanja, kisha anakula sato wa kuchoma na ugali. Ila mara ya kwanza tulichemka: tulipokea watu 9 wakati wa mbalamwezi! Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi walikuwa nyumbani wanashona nyavu. Tukarudisha nusu ya hela. Sasa tunapanga safari kwa siku za giza tu.

Kilichogoma ni kupitia mahoteli ya mjini. Kamisheni waliyotaka ilizidi hela ya mafuta, tukaachana nao. Wateja wengi wanaletwa na bodaboda, tunawapa 2,000 kwa kila kichwa.

Asanteni sana, wakuu. Karibuni Igombe, ila angalieni mwezi kwanza.