Naomba ushauri: cheti cha tabia njema nikiwa Uingereza

Habari zenu wakuu. Niko Leicester kwa viza ya mwanafunzi, na mafunzo ya ulinzi wa mlangoni nimemaliza. Leseni ya SIA (mamlaka ya Uingereza inayotoa leseni za walinzi) ndiyo imenikwamisha: wanataka rekodi ya polisi ya kila nchi niliyoishi miezi 6 mfululizo katika miaka 5 iliyopita, nami Kenya nimetoka mwaka jana tu. Kwa Kenya rekodi hiyo ndiyo cheti cha tabia njema, na nilichokuja nacho kililowa mvua, muhuri umebaki doa la buluu.

Nimechukuliwa alama za vidole hapa ili niombe kipya, ila kidole gumba kimetoka weusi mtupu (miaka ya kuuza mkaa hiyo!). Nirudie, au nimtumie dada fomu aipeleke DCI (idara ya upelelezi ya Kenya) Nairobi hivyo hivyo? Aliyewahi kupitia hili anisaidie.