Nalipia mwanangu afundishwe kuruka, kocha anamfundisha kuinama!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Niko Dallas, binti yangu ana miaka 12, anacheza chialida, ule ushangiliaji wa Kimarekani wa kurushana na kupiga sarakasi. Msianze na "huo nao ni mchezo?" Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishalitambua shirikisho lao mwaka 2021, hilo tumelimaliza.

Kinachoniudhi ni mruko wa totachi, ule wa kuchanua miguu pande mbili hewani. Jina lake ni la kugusa vidole vya miguu, lakini hakuna kugusa kitu! Kifua kinabaki juu, mikono imenyooka usawa wa mabega, miguu ndiyo inapanda kuifuata. Kocha wetu yeye ni kelele tu, "gusa vidole! gusa!" Basi watoto wanakunja mgongo hewani kama wanaookota sarafu, miguu haijafika hata kiunoni. Huu ni mwezi wa nne wako hivyohivyo.

Nikamuuliza kwa adabu. Akanijibu eti mwanangu hana msamba, akajinyooshe nyumbani. Uongo mtupu! Huyu mtoto akipiga msamba mapaja yanalala sakafuni. Anachokosa ni nguvu ya nyonga na tumbo ya kuinua hiyo miguu, na hiyo unaijenga kwa kukaa chini miguu wazi, unauinua mguu taratibu na kuushusha taratibu. Zoezi hilo sijaliona hapo hata siku moja. Nilichokiona ni kocha kumkandamiza mtoto mabegani "ashuke zaidi" huku machozi yanamtoka.

Na haya yanafanyika Dallas, jamani! Mji wa Lawrence Herkimer, yule aliyeacha jina lake kwenye mruko wa herkie na kuanzisha NCA, chama cha kitaifa cha washangiliaji wa Marekani, mwaka 1948. Ningekuwa kijijini ambako hakuna anayeujua mchezo huu, ningenyamaza.

Jumanne magodoro yalichukuliwa na kundi jingine. Akawapanga koridoni, juu ya zege, miruko 30. Hakuna aliyewaambia kwamba ukitua miguu iwe pamoja na magoti yakunjike kidogo. Wangu akatua miguu imeachana, magoti yamekakamaa, kifundo kikapinduka. Kimevimba kama andazi. Kocha akasema, "Mpe barafu." Jioni hiyohiyo wakanitumia ankara ya sare mpya. Sare!

Nataka kumtoa, wananionyesha mkataba: ada ya msimu hairudishwi. Mliowahi kukutana na hili huku Texas, mlizipataje hela zenu? Niende kwa wakili au nianze na barua kwa mwenye klabu?

Na wale wa "mwambie asome aachane na michezo", piteni tu, uzi huu hauwahusu.