Acheni kuuza unga wa protini kwa mgongo wa Alexander Fedorov!

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Wiki iliyopita nilinunua kopo la unga wa protini kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikakuta kwenye lebo picha ya Alexander Fedorov, mtunisha misuli mkongwe wa Urusi, pamoja na maelezo kwamba mwili ule ulijengwa kwa siku 90 kwa unga huo. Ni uongo mtupu, tena ni dharau kwa mtu aliyeutolea mwili ule ujana wake wote.

Fedorov alizaliwa Leningrad mwaka 1978, wakati mchezo huu ulikuwa hautakiwi katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1973 kamati ya michezo ya serikali ilitoa azimio la kuulaani, ikauweka kapu moja na yoga na soka ya wanawake, na vijana waliokataa kuuacha wakajificha vyumba vya chini ya majengo ya ghorofa kunyanyua vyuma. Shirikisho la mchezo huo lilikuja kuundwa mwaka 1987, yeye akiwa mtoto mdogo. Alipofika kwenye mashindano ya kulipwa, alikuwa amebeba matumaini ya nchi ambayo hadi leo haijatoa mshindi wa Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli lililoanza mwaka 1965.

Kisha msuli wake wa kifua ukachanika. Hapo ndipo panaponiuma, kwa kuwa tangazo limepafuta kabisa. Msuli ule hushikiliwa na kano kwenye mfupa wa mkono, na kano hiyo ikikatika, nyama hujivuta kuelekea katikati ya kifua, kisha daktari hulazimika kuirudisha na kuishona. Mnyanyua vitu vizito anaweza kupona akaendelea kuhesabiwa kilo zake, lakini kwenye kutunisha misuli majaji hawahesabu kilo. Wanalinganisha kushoto na kulia, na upande mmoja ukipungua kidogo tu, jasho la miaka limepotea. Fedorov alikaa nje ya jukwaa miaka kadhaa kabla ya kurudi.

Picha ya kwenye kopo ni ya ujanani, na nambari ya ushiriki aliyoivaa kiunoni imefunikwa kwa nembo ya muuzaji, ili msomaji asijue kwamba ilipigwa mashindanoni. Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba picha ni pambo tu. Pambo gani linaloandikwa siku 90? Kijana anayeliamini akijitazama kwenye kioo siku ya 91 na kukuta kifua kilekile, huyo ndiye atakayeuziwa sindano za dawa za kukuza misuli na mtu mwingine palepale jimu, naye atazinunua kwa kudhani kwamba kasoro ni ya mwili wake.

Ninachodai ni kwamba muuzaji aondoe picha hiyo, afute maneno ya siku 90, na anirudishie fedha zangu. Kopo bado ninalo, lebo haijabanduliwa, na nitaiweka hapa kila mtu aione.