Jina la Fumo kwa mtoto wa siku hizi, mnaonaje?

Kijana wa Langoni:
Asalaam alaykum jamani. Mke wangu amejifungua Jumatatu hapa Malindi, mtoto wa kiume, alhamdulillah wote wazima. Akika ni Jumapili na mpaka sasa jina hatujakubaliana. Mimi nataka aitwe Fumo, jina la babu yangu mzaa baba, nahodha wa Lamu. Mke wangu na dada zake wanasema hilo jina la kizee, ati mtoto atachekwa shule, wao wanataka Rayyan au Ayan. Afu juzi baba mkwe akaniuliza, kwa upole tu, hilo Fumo maana yake nini manake si la Kiarabu, nikakosa la kumjibu, nikasema ni jina la babu basi. Imeniuma kwa kweli. Kule nyumbani Lamu kuna ubao wa babu wa chuoni, ule wa kusomea Kurani, mama ameuweka kidakani, pembe moja imeliwa na mchwa lakini juu pale jina alilichonga mwenyewe kwa ncha ya kisu, fe wau mim wau, nilipokuwa mdogo nilikua napitisha kidole kwenye zile herufi. Mwenye kujua anisaidie, limetoka wapi na je kuna watoto bado wanaitwa hivyo?

Mwalimu mstaafu:
Waalaykum salaam, hongera sana baba. Fumo ni neno letu wenyewe na lina maana mbili. Moja ni mkuki, ule wenye bapa pana. Ya pili ni mtawala, na hii ndiyo iliyozaa jina. Neno lenyewe la Kibantu, hata Wachewa wa Malawi chifu wao wanamwita mfumu.
Kisiwa cha Pate, kwenye utawala wa ukoo wa Wanabahani, walikuwa wanalitanguliza kwenye jina la mfalme, ndio utasikia Fumo Madi aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18, yaani mfalme Madi. Kwa hivyo mwanzo kilikuwa cheo. Ila sisi huku vyeo tumewapa watoto miaka yote, Mwinyi ni cheo, Bwanamkuu ni cheo, Shee imetoka kwa sheikh, na hakuna anayeuliza.
Watu wengi wakisikia Fumo wanakumbuka Liyongo tu, shujaa na mshairi, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913. Lakini mimi nataka mwanao ajue pia Fumo Bakari, sultani wa Witu, huko bara karibu na Lamu. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipeana nchi yake kwenye mkataba wao huko Ulaya, miezi michache baadaye Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, basi Waingereza wakaja na jeshi Oktoba hiyohiyo wakauchoma mji. Mzee akakimbilia msituni, Januari 1891 akafa. Nduguye Fumo Omari akaendelea kupigana nao. Hao ni watu wa hapa hapa, na shuleni tulisoma wafalme wa Uingereza.
Na kuhusu dini mwambie baba mkwe kwa heshima kwamba kinachotakiwa ni jina lenye maana njema, si lazima liwe la Kiarabu. Mtawala na mkuki hapana ubaya hapo.

Bi Mkubwa wa Shela:
Mwanangu hongera, Mungu akukuzie. Mimi hadithi ya Liyongo nilisimuliwa na bibi yangu nikiwa mtoto, na kilichonikaa ni mwisho wake. Mwanawe mwenyewe alidanganywa na mfalme wa Pate akamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Liyongo akainuka na uta wake akaenda mpaka kisimani akapiga goti, akavuta mshale, akafia palepale vile vile. Watu wakakaa bila maji siku kadhaa, nani amsogelee? Wakamuendea mamake, akawa anakuja kumuimbia kwa mbali ampoze, hajui kama anamuimbia maiti. Hilo ndilo jina unaloambiwa la kizee.
Mkeo nae usimlaumu. Kwetu mke hataji jina la mkwewe ovyo, sasa atamkemeaje mtoto mwenye jina la babu mkwe, ataona vibaya. Ndio mana watoto kama hao huitwa Babu nyumbani, jina lenyewe linakaa kwenye chuo na makaratasi. Zungumza nae hilo, huenda ndilo linalomkera na si kuchekwa.

Damu ya Pate:
Kaka yangu anaitwa Fumo, ana miaka thelathini na kitu. Kwa kweli vijana wenye hilo jina wachache, huku visiwani mimi nalisikia zaidi kama jina la baba au la babu, yaani la pili au la tatu. Hajawahi kuchekwa. Shida yake ni karatasi. Afisi moja ilimuandika Fumbo kwenye cheti cha kuzaliwa na hakuna aliyeangalia, tukaja kujua anataka kitambulisho, akazungushwa karibu mwaka mzima njoo kesho njoo kesho. Wewe andika kwa herufi kubwa, usitoke pale mpaka usome herufi moja moja. Na kwenye simu pia angalia, yangu kila nikiandika Fumo inabadilisha inaweka mfumo.

Kijana wa Langoni:
Shukran sana nyote. Bi Mkubwa umesema kweli, nimemuuliza mke wangu usiku akanyamaza kidogo afu akasema yeye hawezi kulipaza jina la babu yangu uani majirani wanasikia. Tumekubaliana Fumo kwenye cheti, yeye amwite Babu. Baba mkwe nimemsomea maneno ya mwalimu, habari ya Witu akataka nirudie. Mama anavuka na boti kutoka Lamu mpaka Mokowe Ijumaa alfajiri kuwahi basi, nimemwambia aje na ule ubao.