Meza ya mikeka kwenye bonanza letu

Kamwene ndugu zangu,

Bonanza linakaribia, Mbeya na Songwe dhidi ya Iringa na Njombe, hapa hapa Reading, Uingereza. Mdogo wangu Ambokile anataka kukaa na daftari pembeni ya uwanja, watu wabeti pauni mbilimbili, faida iingie mfuko wa misiba. Kuna kibali chochote? Kwetu Mwanjelwa, Mbeya, mkeka (tiketi ya kubeti) unawekwa hata jirani na kinyozi, lakini huku naogopa.

Tumaini

---

Dada Tumaini,

Afunge daftari. Nimeuza tiketi kwenye mbio za mbwa miaka sita, haya nayajua.

Hapa Uingereza, Sheria ya Kamari ya 2005 inahesabu kiwanja chochote chenye mchezo, hata kile cha kukodi, kuwa “track”, yaani uwanja wa mashindano. Kawaida, ili watu wabeti hapo, kinatakiwa kiwe na leseni ya halmashauri. Upo upenyo: anayekalia kiwanja (occupier) au msimamizi wa michezo anaipa halmashauri taarifa, nakala kwa mkuu wa polisi, na wanaruhusiwa kubetisha siku zisizozidi 8 kwa mwaka bila leseni hiyo. Watu husoma hapo wakashangilia. Anayepokea dau bado lazima awe na leseni yake ya uendeshaji kutoka Gambling Commission, mamlaka ya kamari ya huku. Bila hiyo ni kosa la jinai, hata kama faida ni ya misiba.

Msamaha wa kubeti kirafiki nao hautufai: ni kwa wanaoishi nyumba moja au wenye mwajiri mmoja. Sisi tunaunganishwa na Uyole tu!

Fanyeni bahati nasibu. Tiketi ziuzwe palepale, wakati bonanza linaendelea, fedha zisiwe za mtu binafsi. Haihitaji leseni. Kwenye makusanyo msikate zaidi ya pauni 100 za gharama na 500 za zawadi.

Mwaisa

---

Mimi niko likizo Mbeya. Huku nako si holela kama tunavyodhani. Binamu yangu ana duka la kubeti karibu na uwanja wa Sokoine, leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kaibandika ukutani, na mwenye chini ya miaka 18 anamtimua. Siku timu ya Tanzania Prisons wakicheza nyumbani, foleni inafika barabarani.

Sanga

---

Ndaga fijo (asante sana), kaka Mwaisa. Ambokile kanuna, ila kakubali kuuza tiketi. Zawadi ya kwanza kilo 20 za mchele wa Kyela. Kaka Sanga, begi lako lina nafasi?

Tumaini