James Hong: miaka karibu 70 kwenye muvi halafu mnamuita "ekstra"? Hollywood na nyie wote mna kesi ya kujibu

Wakuu habari za wikiendi. Leo nina povu, asiyependa povu apite kushoto mapema tusilaumiane.

Juzi kuna jamaa kaweka orodha yake ya waigizaji wakongwe wa Hollywood waliokula chumvi nyingi. Orodha ndefu kweli, Morgan Freeman yupo, Stallone yupo, De Niro yupo, hata Steven Seagal kamuweka jamani, Seagal! Nikauliza kistaarabu kabisa, mbona James Hong simuoni? Jibu likaja "ndo nani huyo". Nikatupia picha. "Aaah yule babu wa Kichina, huyo si ekstra tu mkuu". Na likes kibao chini yake. Sikulala vizuri nasema ukweli.

Haya, huyo ekstra wenu kazaliwa tarehe 22 Februari 1929 Minneapolis, Marekani. Sio Beijing, sio Shanghai, Minneapolis kwenye baridi kali. Kasomea uinjinia wa ujenzi chuo kikuu, akaajiriwa Los Angeles kama injinia wa barabara, kazi ya serikali ya uhakika, huku akichukua ruhusa kazini anaenda kushuti vinafasi vyake. Baadae akaacha kazi akaingia mazima. Sasa we jiulize, mtoto wa wahamiaji, miaka ya hamsini, anaacha ajira ya uhakika anaenda kwenye tasnia ambayo mtu wa sura yake hapewi kitu zaidi ya kubeba trei ya chai na kuinamisha kichwa. Wangapi humu mna huo ujasiri, nyie ambao mnaogopa hata kumuomba bosi ruhusa ya msiba.

1955 yupo kwenye muvi moja na Clark Gable. Clark Gable wakuu! Dogo ambaye hata jina la Gable halijui akaulize wazee. 2022 huyohuyo Hong yupo kwenye Everything Everywhere All at Once na Michelle Yeoh, babu kwenye wheelchair, na kabla muvi haijaisha yule babu keshabadilika kawa wa hatari kuliko wote. Toka 1955 mpaka 2022, miaka 67, hesabuni wenyewe. Idadi ya kazi zake ukichanganya filamu, series na sauti za katuni, wenye hesabu ya kubana wanakwambia zaidi ya 400, wenye hesabu ya kuachia wanafika 600. Orodha yenu yote ya wakongwe nitajieni nani anafika hapo.

Ila tuanze na Hollywood wenyewe maana hao ndo wakosaji namba moja.

1957 mzee, enzi hizo kijana, anapewa nafasi kwenye series ya Charlie Chan, yule mpelelezi wa Kichina. Mpelelezi mwenyewe Charlie Chan nani kacheza? J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland, kapakwa mekapu. Mchina halisi ndo anacheza mtoto wake, "ndio baba, hapana baba". Na hiyo haikuwa ajabu wakati ule, maana nyuma yake 1937 ilishatoka The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, wahusika wakuu wazungu waliobadilishwa nyuso, na Luise Rainer akabeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kucheza mkulima wa Kichina. Anna May Wong, Mchina mwenye jina kubwa kuliko wote Hollywood wakati huo, akaachwa anaangalia. Halafu 1972 inakuja Kung Fu kwenye tv, mtu wa Shaolin mwenye damu ya Kichina, anacheza David Carradine. Hong naye humo yupo, anaingia na kutoka kama mgeni kwenye nyumba ya kwao.

Na kingine kinachonipandisha presha, kwa Hollywood Mchina, Mjapani, Mvietinamu wote mtu mmoja tu. Airplane! ya 1980, mzee ni jenerali wa Kijapani anayejichoma upanga kwa kuchoka kusikiliza stori ya abiria mwenzie, anaonekana muda mfupi sana na bado watu wanavunjika mbavu mpaka leo. Missing in Action 1984, ile ya Chuck Norris mliyoiangalia nyote msijifanye watoto wa juzi, yeye ni jenerali wa Vietnam. Leo mhudumu wa hoteli, kesho daktari wa mitishamba, keshokutwa mchawi. Chinatown ya 1974, filamu inaitwa Chinatown kabisa, yeye kacheza mtumishi wa nyumbani kwa steringi wa kike, Faye Dunaway, anafungua mlango. Muvi ina jina la mtaa wao na wao ndo wanafungua milango!

Mnajua waigizaji wa aina hii wanafanyaje kazi? Unaitwa siku moja au mbili, unalipwa kwa siku, unafika seti kila mtu keshazoeana, steringi ana gari lake la kupumzikia, we unapewa mistari minne na ukikosea mara mbili wanaanza kuangalia saa. Na hiyo mistari minne ndo inabidi mtazamaji akuamini. Steringi ana masaa mawili ya kujieleza, akiboronga hapa anafidia kule. Huyu hana pa kufidia.

Ndo nataka muiangalie Blade Runner ya 1982 upya, acheni kusogeza mbele. Kuna Chew, fundi wa kutengeneza macho ya wale watu bandia. Yuko peke yake kwenye chumba cha baridi, kavaa likoti la manyoya limeungwa mipira, mvuke unamtoka mdomoni, anaongea na jicho lililoko mbele yake, ana furaha zake kabisa. Wanaingia Rutger Hauer na mwenzie, wanaocheza hao watu bandia. Mwenzie anazamisha mkono kwenye kile kimiminika cha kugandisha wala hashtuki, halafu wanachomoa ile mipira na kumchania koti. Sasa mwangalieni mzee sura inavyobadilika. Anaanza na hasira ya fundi aliyeguswa vifaa vyake bila ruhusa, halafu anawatambua, hawa ni kazi ya mikono yake, ule mshangao wa kifundi unakuja hata kabla ya uoga, halafu baridi linaanza kumla na anajitetea kwa sauti ya kutetemeka kwamba yeye ni mtu wa macho tu mengine hajui. Wanampachika macho begani kama mapambo. Dakika chache tu! Watu wanakariri maneno ya Hauer kwenye ile sini, sawa Hauer ni hatari, lakini Hauer anatisha kwa sababu kuna mtu mbele yake anaogopa kweli. Mngeweka ekstra pale mngecheka.

Au Seinfeld 1991, ile episodi ambayo jamaa wanasubiri meza mgahawani toka mwanzo hadi mwisho hawali. Mzee ndo anayepanga meza. Kila wakimfuata "dakika tano, kumi". Wanamfuata tena, "tano, kumi". Bila kukasirika, bila kutabasamu. George Costanza anasubiri simu ya mwanamke wake pale, simu inakuja mzee anaita "Cartwright! Cartwright!" hakuna anayeitika, anakata, anaendelea na shughuli zake. Kiroho safi kabisa kamuharibia mtu maisha. Wakishakata tamaa na kuondoka ndo anaita jina lao, meza ipo tayari. Nimekaa kwenye ofisi za watu nikaambiwa "subiri kidogo" kwa sauti ileile nikajikuta nacheka mwenyewe, mapokezi wakaniona chizi.

Sasa tuje kwetu maana na sisi hatuna usafi. Kizazi chetu mzee huyu tumemuona banda umiza, Big Trouble in Little China, ile ya Kurt Russell ya 1986. Lo Pan, mchawi mwenye miaka zaidi ya elfu mbili aliyelaaniwa akakosa mwili, anatafuta binti mwenye macho ya kijani amuoe laana itoke. Mzee kacheza Lo Pan wa aina mbili humo, kikongwe kilichonyauka kwenye kiti cha magurudumu na lile zimwi refu lenye kucha linalotoa mwanga. Banda zima lilikuwa linanyamaza akitokea, na wale wenzangu na mimi waliokuwa wanachungulia kwenye tundu la turubai walikuwa wanakimbia. Ukitoka nje unawasikia watu "adui mkuu wa leo kiboko". Jina lake? Hakuna aliyeuliza. Wakaja watafsiri wetu wa muvi nao, nawapenda, ila steringi wanamtaja kwa jina lake na la baba yake na kabila wanampa, mzee wetu ni "huyu Mchina mmoja hapa", basi.

Na watoto wenu sasa hivi wanamsikia kila siku sebuleni. Yule bata baba yake panda Po kwenye Kung Fu Panda, muuza tambi, ni yeye! Toka ya kwanza 2008 mpaka ya nne 2024, akiwa na miaka 95. Matangazo yalijaa Jack Black, Angelina Jolie, Dustin Hoffman, Jackie Chan, na Jackie Chan mle ndani kacheza nyani mwenye mistari ya kuhesabu. Mwenye mistari ya kuliza watu ni Hong. Ile ya pili, Po anamuuliza baba mimi nimetoka wapi, na bata anaanza kusimulia alivyokuta kitoto kwenye kreti la mboga nyuma ya mgahawa, mboga zote kimekula, akakilisha, akakiogesha, akasubiri mwenyewe aje, hakuja. Sauti tu ile, hakuna sura, hakuna mekapu. Mimi mwanaume na ndevu zangu nilijifanya naenda kuangalia geti.

Ila tuzo? Oscar hajawahi hata kutajwa kuwania. Everything Everywhere ilizoa Oscar saba 2023, tatu za waigizaji, Michelle Yeoh, Ke Huy Quan na Jamie Lee Curtis, nawapongeza, mzee kabaki na tuzo ya kundi zima pale SAG, tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani. Na pale SAG ndo alipowapa ukweli wao, miaka 94, kapanda jukwaani kawakumbusha enzi wazungu walivyokuwa wanavutwa macho kwa utepe kucheza Wachina huku maprodyuza wakisema Waasia hawauzi. Ukumbi ukapiga makofi. Makofi! Toka kwenye tasnia ileile inayoamua nani apewe nafasi na nani afungue mlango.

Ile nyota yenye jina la msanii inayowekwa barabarani Hollywood ndo kichefuchefu kabisa. Ile nyota inalipiwa wakuu, kama hamjui ndo mjue leo, lazima mtu akupendekeze na mtu alipe maelfu ya dola. Sasa steringi akipata nyota studio inalipa maana kuna muvi inatangazwa. Mzee hana wa kumlipia. Mpaka 2020 Daniel Dae Kim, yule wa Lost na Hawaii Five-0, akaanzisha mchango mtandaoni, mashabiki wakachanga mia mbili mbili zao, zikapatikana dola 55,000 ndani ya siku chache. Kavikwa Mei 2022 ana miaka 93, mkongwe kuliko wote waliokuwa wamewahi kupewa. Studio zilizotengeneza hela kupitia mgongo wake miaka yote hiyo zilikuwa wapi? Tumechangia sisi walalahoi!

Na msije na ile hoja yenu ya "angejiongeza". Kajiongeza. 1965 yeye na mwigizaji mwenzie Mako na wenzao wakaanzisha East West Players hukohuko Los Angeles, kundi la tamthilia la Waasia, ili watu wao wapate pa kucheza kitu zaidi ya kuinama, na lipo mpaka leo. 1989 akaandika, akashiriki kuongoza na kujipa ustering mwenyewe kwenye The Vineyard. Muvi yenyewe ni ya kutisha na ya ovyo kidogo, siwadanganyi, lakini alichoka kusubiri kuitwa.

Kwa hiyo wewe uliyeandika ekstra, na wale wote mliogonga like, nataka mniwekee hapa chini sini moja, moja tu, ambayo huyu mzee kaiharibu. Jina la muvi na dakika. Na mwenye orodha airekebishe leo, amtoe Seagal.